Shangazi Kafungwa Mkono

Siku Kimya alipomwona yule mama kwa mara ya kwanza, alijua moja kwa moja kwamba watu watafukuzwa kazi.

Meneja hakuwa na kawaida ya kushuka chini kwenye mashine. Akishuka, anashuka na mgeni, na mgeni akishaondoka, wiki hiyohiyo watu wanaitwa juu mmojammoja na hawarudi kuchukua hata bakuli zao za chakula. Kwa hiyo alipomwona meneja anateremka ngazi, na nyuma yake mama wa makamo mwenye miwani na mkoba wa kahawia, Kimya aligeukia mashine yake ya kukaushia akaanza kusafisha chujio la vumbi, ingawa alikuwa amelisafisha muda si mrefu.

Kilikuwa kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, vitambaa vya meza, magwanda ya wapishi. Vyote viliingia mlango wa nyuma vikinuka na kutoka mlango wa mbele vimekunjwa. Kimya alisoma shule ya msingi tu, na alikuwa amekaa mbele ya yale makaushio miaka mingi mpaka nyusi zake zikapauka kwa joto. Jina hilo alipewa na wenzake. Walitania kwamba siku ya harusi yake bibi harusi ndiye aliyemjibia.

Mgeni alipita katikati ya mashine polepole. Hakumsalimia mtu. Aliyemsalimia alimwitikia, tena kwa upole kabisa, lakini yeye mwenyewe hakuanza na yeyote, na hilo ndilo lililowatia watu baridi.

"Huyo mpelelezi," alisema Redio, dereva wa gari la mizigo, ambaye habari yoyote ikiingia sikioni mwake ilikuwa imeshatangazwa. "Mtu asiyesalimia ana lake jambo."

"Labda ana aibu," alisema Kimya.

"Mwenye aibu ni wewe. Yule ana mshahara."

Meneja aliwakusanya karibu na mizani akawaambia kwamba mama huyu ni msikilizaji wa wafanyakazi. Hayuko chini ya msimamizi yeyote. Hahukumu, haadhibu, haandiki ripoti za watu. Mwenye jambo linalomkaba aende kwake, na atakachosema kitabaki humo ndani. Atakaa kile chumba kilichopakana na stoo ya sabuni. Watu wakaitikia, wakarudi kazini, na kabla ya chai alikuwa ameshapata jina: Mama Sikio.

Hakuna aliyekwenda. Mlango wake ulikaa wazi, viti viwili vikitazamana, na mama mwenyewe kwenye kimojawapo kama mtu anayesubiri gari lisilokuja. Mafundi walisema kuna waya unaotoka ukutani mle mpaka kwenye meza ya meneja. Kimya hakuamini habari ya waya, lakini akipita na mkokoteni wake alipita upande wa pili.

Kilichompeleka ni mpwa wake.

Binti huyo alikuwa mtoto wa dada yake, na kazi alitafutiwa na Kimya mwenyewe, baada ya kujikaza kisabuni na kwenda kumwombea kwa msimamizi. Msimamizi waliyemwita Fasta, kwa sababu neno hilo lilikuwa salamu yake na kwaheri yake, akamkubali na kumweka mbele ya mashine ya pasi. Ilikuwa mashine kubwa kupita zote, yenye roli ndefu za moto. Unaipa shuka lenye unyevu upande huu, linatoka upande ule limenyooka kama karatasi. Mbele ya roli kulikuwa na upau mwembamba. Kidole cha mtu kikiteleza kikaugusa, roli zinasimama palepale.

Kimya peke yake ndiye aliyeiita mashine ile Shangazi. Utotoni alilelewa kwa muda na shangazi yake, mama mwenye kifua na sauti, ambaye mtoto akisogelea sufuria jikoni alishtukia kasukumwa na mkono kabla hajaungua. Ule upau ulimkumbusha mkono huo. "Shangazi leo kanuna," alisema kila mashine ilipochelewa kupata moto, na wenzake walicheka, maana Kimya alikuwa na maneno machache na hayo yalikuwa sehemu kubwa ya hayo machache.

Sasa, ule upau ulikuwa mwepesi kushtuka. Hata pindo la shuka likijikunja vibaya uliguswa, mashine ikasimama, na kuiwasha upya kulikula muda. Hospitali zilipoongezeka, Fasta alichukua kipande cha waya akaufunga upau kwa nyuma usicheze. Mashine ikawa haisimami tena. Kazi ikaenda mbio kweli.

Siku moja pindo la foronya lilijiviringisha kwenye kidole cha yule binti. Alijinyofoa. Ukucha wa kidole cha shahada ukawa mweupe, kisha mweusi, na ngozi ya ncha ikabaki kwenye roli kama utando wa maziwa.

"Mjomba, usimwambie mama," alisema akicheka, huku amekibana kidole kwapani. "Ataniambia nirudi nyumbani nikaangalie kuku."

Kimya hakucheka. Alitazama ule waya. Usiku usingizi uligoma, na kila alipofumba macho aliona mkono mzima ukienda, si ncha ya kidole. Lakini waliomwambia Fasta alishaona walivyofanywa: aliyelalamika kuhusu mvuke alipangiwa kubeba mashuka ya chumba cha upasuaji mpaka akaacha kazi mwenyewe. Kimya alikuwa na watoto shuleni na mke mwenye mgongo mbovu. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na woga huo wa pande mbili ulimfanya ashindwe hata kumeza mkate.

Alijitwika mfuko wa sabuni ambao hakuna aliyeuhitaji, akaupeleka stoo, kisha badala ya kutoka akaingia mlango wa pembeni.

"Hodi," alisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

"Karibu, ndugu yangu. Kaa. Mlango ufungwe au uachwe?"

"Ufungwe. Hapana. Ndiyo, ufungwe."

Mama Sikio akaufunga. Akakaa na kuweka mikono yake juu ya magoti, mitupu, bila kalamu. "Kwanza nikuombe radhi," alisema. "Kule nje sitakusalimia. Siwasalimii wengine ili siku moja nisikusalimie wewe bila mtu kushangaa. Nikimchangamkia mtu mmoja, watajua kaja huku. Ukiniamkia nitaitika. Ukinipita, umenipita tu, sina kinyongo."

Kimya alimtazama kwa mara ya kwanza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kumbe. Mama mzima amekubali kuonekana hana adabu.

"Haya. Niambie."

"Shangazi kafungwa mkono," alisema Kimya.

"Pole. Shangazi yako? Nani kamfunga?"

"Hapana, mama. Ndiyo. Mashine."

Ikabidi aeleze yote, na kwa vile hakuzoea kueleza, alianzia jikoni kwa shangazi utotoni na kuishia kwenye ukucha wa mpwa wake. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama alimuuliza swali ambalo lilimtisha kuliko yote, kwa sababu kazini hakuna aliyewahi kumuuliza:

"Wewe unataka nifanye nini?"

Kimya alisugua viganja. "Waya ukatwe. Lakini jina langu lisitajwe." Akafikiri. "Wala lisibahatishwe."

"Wala lisibahatishwe," alirudia Mama Sikio polepole, kama mtu anayepokea kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

Alitimiza. Alikwenda kwa meneja akazungumzia usalama wa mashine zote kwa jumla, bila kutaja mtu wala mashine. Meneja akaagiza ukaguzi, na siku ya ukaguzi ule waya haukuwepo. Wiki iliyofuata ulikuwepo, umefungwa vizuri zaidi. Kimya alirudi na mfuko mwingine wa sabuni kumwambia hivyo. Mama akasema: "Nipe siku chache. Kuna watu nataka niwaulize. Si wa hapa." Kimya hakuuliza ni watu gani. Alikwenda akageuza taulo, akihesabu kwa macho vidole vya mpwa wake kila alipopita.

Ikatokea kwamba mpagazi wa gari aliumwa, na Kimya akaambiwa amsaidie Redio kupeleka vitambaa vya meza kwenye hoteli moja yenye ukumbi wa mikutano. Walichelewa, watu walikuwa wameshaanza. Mhudumu wa hoteli akawaambia waingie taratibu kwa mlango wa nyuma, waweke mzigo kwenye meza ndefu, watoke.

Ukumbini watu walikuwa wamekaa kwa duara, kadi za majina zikiwaning'inia vifuani. Wengine walivaa tai, wengine sare za hospitali, na mzee mmoja mwenye mvi alikuwa amelaza mkono nyuma ya sikio ili asikie vizuri. Na aliyekuwa akizungumza, amesimama, mkoba wa kahawia kitini pake, alikuwa Mama Sikio. Kimya nusura aangushe vitambaa.

Hakuwahi kumsikia akizungumza hivyo. Kule kiwandani alikuwa masikio matupu. Hapa alikuwa na mdomo, mikono, na kicheko. Alikuwa anasimulia habari ya mama mmoja mjane, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, aliyemjia kwa ajili ya mashine ya kukandia unga. Kimya akashusha pumzi. Mikate. Si sisi.

"Akaniambia," alisema Mama Sikio, "mama, Shangazi kafungwa mkono."

Duara zima lilicheka. Hawakucheka kwa dharau. Walicheka kama watu waliopewa kitu kizuri ghafla. Kisha wakanyamaza, na mzee wa mvi akauliza: "Na ulipozungumza kwa jumla, haikusaidia?"

"Haikusaidia. Nikisema zaidi, namfichua. Nisiposema, ataumia mtu. Naogopa, wenzangu. Ndiyo maana nimekileta kisa hiki kwenu."

Kimya hakusikia walichomjibu. Masikio yalikuwa yanavuma. Alikuwa amesimama na vitambaa kifuani, anatazama mgongo wa Redio, na mgongo wa Redio ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

Garini Redio hakungoja hata ufunguo uzunguke. "Umesikia? Hata kwenye mikate wana Shangazi. Ninyi watu mnazaliana."

Kimya alilowa jasho jembamba. Redio alikuwa hajaelewa. Alidhani ni bahati tu, mashangazi wawili wa viwanda viwili. Kumwomba anyamaze ni kumwambia kuna jambo. Kutomwomba ni kuacha redio imewashwa. Walipita taa za barabarani, sokoni, kituo cha mafuta, na kote huko Kimya alitafuta sentensi akaikosa.

"Mambo ya watu hayo," alisema mwishowe. "Tuyaache hukohuko."

"Mimi? Mimi ni kaburi, bwana."

Kaburi lilifunguka kesho yake wakati wa chai. Redio alisimama katikati ya watu na kikombe chake, akaigiza sauti ya Mama Sikio, miwani na yote, na kuwasimulia habari ya mjane wa mikate. "Mama, Shangazi kafungwa mkono." Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. "Kimya, ndugu yako huyo," mmoja alisema. "Kampose, mtaelewana."

Fasta alikuwa ameegemea mlango. Yeye alicheka mwisho, baada ya wengine kumaliza, kicheko kifupi cha puani. Kisha akamtazama Kimya kama mtu aliyekuwa akitafuta doa kwenye shuka jeupe, akaliona.

Siku zilizofuata Fasta alikuwa na adabu ya ajabu. "Hujambo, mzee wangu? Mama watoto mgongo unaendeleaje?" Kimya alijibu kila kitu. Mtu ambaye salamu yake ilikuwa fasta, leo anauliza migongo ya watu. Nyumbani mkewe alimwona anarudisha chakula, akamuuliza kama anaumwa, akasema ni joto tu.

"Joto la kazini miaka yote hii halijakunyima kula," alisema mkewe. "Kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo jina lake siku hizi?"

Kisha Fasta akaja kwenye makaushio, akamwekea mkono begani. "Mzee wangu, kesho uhamie mbele, kwenye pasi. Binti yako akapumzike kwenye kukunja." Akatabasamu. "Si shangazi yako? Kamlishe mwenyewe."

Kwa hiyo Kimya akasimama mbele ya Shangazi. Mpwa wake alikuwa salama, na kwa hilo alishukuru. Lakini vidole vyake vilikuwa vinene, vimekauka, havikuzoea kazi ya pindo. Alishika mashuka kwa ncha kabisa, jinsi mtu anavyompa mbwa asiyemjua kipande cha nyama. Roli zilikuwa zinavuta. Kila shuka lilipokwenda alihisi mvuto ule mpaka mabegani, na waya ulikuwa pale mbele ya macho, unang'aa, umefungwa mafundo mawili. Fasta alipita nyuma yake mara kwa mara. "Fasta, mzee wangu. Hospitali hazilali." Mkono wa gwanda wa Kimya uligusa roli mara moja, ukaungua ukaacha alama ya kahawia.

Zamu ilipoisha, hakubeba mfuko wa sabuni safari hii. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Sikio, kila mtu akimwona, maana hakikuwepo tena cha kuficha.

Hakukaa. "Nilikuwepo hotelini," alisema. "Nilileta vitambaa."

Mama Sikio alivua miwani. Bila miwani alionekana amechoka, macho yamevimba. "Kwa hiyo ulisikia kwa masikio yako. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba limefika hapa. Yule dereva aliniuliza mlangoni, mama, Shangazi wa mikate hajambo? Nikajua nimekuua."

"Ulijua? Siku zote hizi?"

"Nilijua."

"Na hukuniita?"

"Ningekuita, ningekuwa nimewaonyesha kwa kidole kwamba ndiye huyu. Nilikaa hapa nikasubiri uje. Kila niliposikia hatua nje nilisimama." Akamwonyesha kiti. "Kaa basi, ndugu yangu. Au usikae. Lakini una haki ya kujua nilifanya nini."

Akamweleza. Humu kiwandani yuko peke yake. Watu wakiwa na jambo wanamjia yeye, yeye akishindwa hana wa kumwendea, kwa sababu kila mtu humu ni wa upande fulani. Ndiyo maana wasikilizaji wa sehemu mbalimbali, benki, hospitali, vyuo, hukutana kufundishana. Mtu huleta kisa kilichomshinda, hukivalisha nguo nyingine asitambulike mwenyewe, na wenzake humwambia wao wangefanyaje. Wanapeana namba za simu. Mgeni wa kazi hupata mkubwa wa kumshika mkono; yeye kashikwa na yule mzee wa mvi, msikilizaji wa shirika la maji.

"Nilikuvalisha," alisema. "Nilikufanya mwanamke, nikakufanya mjane, nikakupeleka kwenye mikate. Nikasahau mdomo."

"Mdomo?"

"Maneno yako. Yalikuwa mazuri, nikayaacha yalivyo. Nilitaka wakuone." Alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Hilo ndilo kosa. Nguo zote nilibadilisha, sauti nikaiacha ya kwako."

Kimya hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba maneno yake ni mazuri, na kuambiwa leo, kwa sababu hiyo, kulimuudhi zaidi. Alitaka kupiga kelele.

"Nilimpigia mzee," mama aliendelea. "Sikumtajia mtu. Aliniambia kisa si changu, ni cha aliyekileta. Akija nimweleze ukweli wote, halafu nifanye atakalo yeye, si nitakalo mimi. Ukitaka ninyamaze, nitanyamaza. Ukitaka niende kwa meneja kwa jina lako, naenda sasa hivi, na kosa langu nalisema mwenyewe kabla hajaniuliza."

"Naogopa," alisema Kimya.

"Hata mimi."

Alitazama mkono wa gwanda lake, ile alama ya kahawia. Kesho angesimama pale tena, na keshokutwa, na Fasta alikuwa na subira. Kilichokuwa kimemlinda kilikuwa kutojulikana, na hicho kilikwishakwenda. Alibaki na woga wenyewe tu, hauna kazi tena.

"Nenda," alisema. "Lakini twende wote. Ukienda peke yako sitajua umesema nini."

Mama Sikio alipokea neno hilo bila kujitetea.

Juu, ofisini kwa meneja, palikuwa na baridi ya kiyoyozi na kapeti. Kimya alibaki karibu na mlango ili asilichafue. Mama alianza na kosa lake. Alisema alitoa nje siri ya mtu kwa uzembe, na mtu huyo sasa anaadhibiwa, na kamruhusu kumtaja. Kisha akamtaja. Meneja alimgeukia Kimya. "Ni kweli upau umefungwa?"

Alichoweza Kimya ni kuonyesha mlango kwa mkono, kwamba washuke wakaone.

Wakashuka. Watu waliacha walichokuwa wakifanya. Meneja alikunja foronya, akaisukumiza kwenye upau. Roli ziliendelea kuzunguka, zikaichukua ile foronya kutoka mkononi mwake kana kwamba hayupo. Meneja alirudisha mkono haraka akaukumbatia kifuani.

"Nani kafunga hii?"

Hata Redio alitazama viatu vyake. Kimya alihisi macho ya Fasta kwenye shingo yake kama mvuke. Mpwa wake ndiye aliyejitokeza kwenye meza za kukunjia, akainua kile kidole chenye ukucha mweusi, akakiacha juu.

"Leta koleo," meneja alimwambia Fasta.

Fasta akaukata waya mwenyewe, taratibu, akitabasamu, akaukunja na kuutia mfukoni.

Hakufukuzwa. Alipewa onyo, akabaki msimamizi. Kimya alirudishwa kwenye makaushio, upau ukaachwa huru, na mashine ikawa inasimama mara kwa mara mpaka watu wa kukunja wakanung'unika kwamba wamerudishwa nyuma. Na kila asubuhi Fasta alipita akamsalimia. "Hujambo, mzee wangu?" Hakumfanya lolote. Alimsalimia tu. Kimya alijifunza kuitika bila kuangusha kitu.

Aliyeondoka ni Mama Sikio. Meneja alimshukuru kwa ukweli wake, kisha akasema ofisi ya siri iliyovuja haina maana tena, na watu nao walikuwa wameshasema hivyo chini kwa maneno makali zaidi. Alihamishiwa mapokezi ya tawi jingine. Viti vyake viwili vilibebwa, na chumba kikajazwa madumu ya sabuni.

Siku yake ya mwisho alimfuata Kimya mlango wa nyuma, pale mashuka machafu yanaposhushwa. Alisimama pembeni na mkoba wake mpaka gari likaondoka.

"Nina ombi," alisema. "Una haki ya kulikataa, na ukilikataa usinieleze kwa nini."

Kimya alingoja.

"Wenzangu wanakutana tena. Mzee amenitaka nikaeleze kosa langu mbele ya wote, wageni wa kazi hii wasije wakalirudia. Nimekubali kueleza kosa. Lakini ule mdomo, ndugu yangu, bila maneno yako hautaeleweka. Nitasema nini? Kwamba nilisahau kitu? Kila mtu anasahau kitu. Ni yale maneno ndiyo yatakayowashtua. Na nikiwa naeleza vizuri, huenda wakanibakiza miongoni mwao, hata kama sina kiti." Alirekebisha mkanda wa mkoba. "Ningependa wanibakize."

Kimya alitazama lile rundo la mashuka. Aliona ule ukumbi, duara, kadi vifuani, watu wakicheka vizuri na kunyamaza vizuri. Aliwaona wakienda zao kila mmoja na neno lake mdomoni, na mahali fulani mlango wa nyuma ukifunguliwa na mtu mwenye mzigo. Alijua kwamba mama huyu alipoteza kiti chake kwa kusema ukweli. Alijua pia kwamba wageni wa kazi hiyo wangefaidika, na kwamba kuna mtu mwoga mahali pengine ambaye angeokolewa na somo hilo. Yote aliyajua. Na moyo ulikuwa unamdunda kama siku ile ya vitambaa.

"Hapana, mama," alisema. "Samahani. Hapana."

Mama alitikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayehakikisha kuwa amesikia sawasawa. Uso wake ulifanya kitu kidogo ambacho Kimya hakuweza kukisoma, kisha ukatulia.

"Haya, ndugu yangu," alisema. "Sitakusimulia kwa mtu. Hata kwa uzuri."